Maneno ya Mama Yaliyokosa Dereva

Mwankoko, Singida
17 Februari 2003

Mdogo wangu Abdulmajidi,

Assalam aleikum. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, wewe na wote wa nyumbani kwako. Je, kile kifua kilichokuwa kikikubana wakati wa baridi kimepoa? Sisi huku hatujambo. Idi tumeisali vizuri, ingawa mvua imetuchezea mwaka huu. Juzi nilikwenda Ilongero kuangalia shamba la Mama, alizeti imetoa vichwa vidogo kama kiganja cha mtoto. Mtama angalau unajikongoja. Rahma jirani yangu anakusalimu, miguu imeanza kumvimba.

Najua utashangaa kuona mwandiko wangu baada ya mwaka na zaidi. Ningekupigia simu, lakini pale kibandani kwa simu kila mtu anasikia, na nikiisikia sauti yako nitasahau nilichotaka kusema.

Neno lenyewe ni hili. Tangu shirika lilipouzwa na sisi wapiga chapa tukapunguzwa, nimekula kwa kile kibanda changu cha chapa na fotokopi karibu na soko. Kompyuta yangu ni ile niliyoipata mnadani, mradi wa maji wa wazungu ulipofungwa. Ni ya zamani lakini haijawahi kunikosea. Sasa mwaka jana watu wa maofisini wakaanza kuniletea flopi zenye kazi zisizofunguka kwangu. "Mama Radhia, mashine yako imezeeka kuliko wewe," halafu wanavuka barabara kwa mwenzangu. Nikamwita Anselm wa Ikungi, yule fundi aliyekuwa akitengeneza redio, akaja na sidii ya mfumo mpya aiweke juu ya ule wa zamani. Aliniuliza, "Mama, vitu vyako umevihifadhi pembeni?" Nikamjibu ndiyo. Sikuwa nimehifadhi kitu. Sikutaka afungue mafaili yangu asome.

Saa nzima mashine ilikwenda vizuri. Ikajizima ijiwashe, ikaleta skrini ya bluu tupu na maandishi meupe ya Kiingereza. Tangu siku hiyo ukiiwasha ni bluu tu. Anselm akairudisha sidii, ikamwambia haioni diski yoyote humo ndani. Anasema diski imekufa, nitafute nyingine.

Majidi, humo ndani mna maneno ya Mama, na ni maneno yako wewe. Aliniambia akiwa kitandani, wiki mbili kabla hajatutoka. Alisema kwa Kinyaturu, mimi nikayachukua kwa hati mkato katika Kiswahili, kesho yake nikayapiga kwenye kompyuta. Karatasi ya hati mkato sinayo tena. Alikutolea radhi, Majidi. Printa ilikuwa haina wino, nikasema nitayatoa baadaye, msiba ukatuingia, siku zikaenda. Kuyarudia kwa kichwa siwezi, yatakuwa maneno yangu na si yake.

Wewe ndiye fundi wa mambo haya. Niambie kama diski iliyokufa inafufuka. Silali vizuri. Nikishika tasbihi nahesabu nusu, nasahau nilipofika.

Dada yako,
Radhia


Dar es Salaam
11 Machi 2003

Dada Radhia,

Shikamoo. Waaleikum salaam. Barua yako nimeipata juzi. Sisi wazima. Kifua kilipona miaka mitatu iliyopita. Hao "wote wa nyumbani kwako" wanakusalimu. Mmoja wao, mke wangu, anaitwa Luciana, kama jina limekutoka.

Nianze na mashine maana hiyo naielewa. Diski haijafa. Mwambie Anselm aache kuzika vitu vya watu vikiwa hai. Mfumo mpya ulianza kuwaka, ukatafuta diski ya kuendelea nayo, haukuiona. Mashine za ile miradi mara nyingi diski zake zinapitia kwenye kadi ya pembeni. Mfumo wa zamani ulikuwa na dereva wa kadi hiyo. Huu mpya hauna, kwa sababu kadi yenyewe imezeeka na waliotengeneza mfumo hawakuihangaikia tena. Bila dereva diski haiendi popote. Ndiyo shida yote, dada: dereva.

Chomoa umeme, fungua boksi, fuata ule waya mpana bapa unaotoka kwenye diski, uone unaishia kwenye kadi gani. Niandikie herufi na namba zote zilizo juu ya kadi, usiruke hata moja. Na mashine ikiuliza kama ifomati, mtu yeyote asikubali. Kufomati ni kuifagia nyumba pamoja na watu waliomo.

La pili sikutaka kuliandika, nimechana karatasi mbili. Agosti ile ya 2001 tulisafiri siku mbili, mimi na mke wangu, kuja kumwona Mama. Ulitoka mlangoni wewe mwenyewe ukaniambia, "Mama amesema hataki kukuona." Nikageuka. Miezi mitatu baadaye napata habari ameshazikwa. Tangu hapo nimejizoeza kuishi kama mtu asiye na radhi ya mama, na hujui ilivyo. Sasa unaniambia radhi ipo, imelala kwenye diski mwaka mzima na miezi. Wino wa printa gani huo, dada?

Nitumie namba za kadi.

Abdulmajidi


Mwankoko
20 Machi 2003

Mdogo wangu Majidi,

Assalam aleikum. Tunaendelea, alhamdulillahi. Rahma anatumia dawa za miguu, nafuu ipo. Bei ya mtama imepanda, watu wanaanza kununua kwa kopo badala ya debe.

Boksi nimelifungua mwenyewe, nikasema bismillahi kama nachinja kuku. Vumbi lililokuwamo lingetosha kukandika ukuta. Kadi nimeiona, ni ndefu ya kijani. Namba zake nimezinakili kwenye karatasi ya pili ndani ya bahasha hii. Alama moja sijui ni herufi O au ni sifuri, nimeziandika zote mbili.

Kuhusu dereva, ulivyosema ni kweli kabisa. Anselm ni mtu mwema, lakini mashine hii haiwezi. Kama unaye dereva anayeijua, mtume tu. Mahali pa kulala papo na chakula hakitamshinda.

Hayo mengine uliyouliza, tutazungumza Mungu akitukutanisha. Wagonjwa hubadilika mwishoni. Wewe jua tu kwamba radhi ilitoka.

Dada yako,
Radhia


Dar es Salaam
15 Aprili 2003

Dada, shikamoo.

Eti chakula hakitamshinda! Nilikuwa nimekununia, lakini hapo nimecheka.

Dereva amepatikana. Nimemtafuta karibu wiki tatu, watu walishasema wa aina yake hawapo tena. Atafika na basi la Alhamisi, tarehe 1 Mei. Kondakta anaitwa Paschal, ni mtu wangu. Nenda stendi umpokee mwenyewe, usimtume mtu, maana ni mdogo na anapotea upesi. Asikae juani. Usimweke karibu na spika za redio. Maelekezo yote atakuwa nayo.

Abdulmajidi


Mwankoko
5 Mei 2003

Mdogo wangu Majidi,

Assalam aleikum. Huku wazima, ila Mwankoko nzima inanicheka, na nitakusimulia maana hata mimi nimeshindwa kujizuia.

Nilijiandaa, ndugu yangu. Nilichinja jogoo. Nikaazima chandarua kwa Rahma, nikatandika kile chumba cha nyuma. Ulivyosema asikae karibu na spika za redio nikajua ni mcha Mungu asiyependa muziki, nikamwomba Rahma siku hiyo asifungulie taarabu. Akaniuliza, "Mgeni wako ni shehe?" Nikamwambia ni dereva wa kompyuta kutoka Dar. Akasema, "Dunia imeendelea, mpaka kompyuta zina madereva."

Alhamisi basi likafika saa nane mchana, Mei Mosi, stendi imejaa watu wa maandamano. Natafuta mtu mfupi, maana uliniandikia ni mdogo. Akashuka kijibwana kimoja chembamba chenye mkoba. Nikamdaka mkono. "Karibu mgeni, wewe ndiye dereva?"

"Hapana mama, mimi nauza miwani."

Mwendesha basi kanisikia kule juu kwenye usukani. "Dereva ni mimi, mama! Una shida gani?"

"Si wewe. Namtafuta dereva mdogo, aliyetumwa na Abdulmajidi."

"Mama, hili basi lina dereva mmoja, na mke nyumbani ninaye!"

Stendi ikaangua kicheko. Nikaona haya, nikajifunika mtandio, nikaondoka. Huyo Paschal alikuwa juu ya keria anashusha mizigo ya watu, sikumwona wala hakuniona. Basi likaenda zake Mwanza. Jogoo tumemla mimi na Rahma.

Jana Jumapili, basi likirudi, Paschal akaja mpaka kibandani na bahasha. "Mama, mzigo wako umenizungusha mpaka Mwanza na kurudi." Kufungua, flopi moja nyeusi, juu yake umeandika kwa kalamu: DEREVA. Nilikaa kwenye stuli nikacheka mpaka machozi. Kumbe dereva ni kiprogramu tu, kinachojua kuiendesha kadi! Na mimi nimemtandikia kitanda.

Maelekezo nimeyasoma. Alhamisi Anselm atakuja tujaribu. Niombee.

Dada yako,
Radhia


Dar es Salaam
29 Mei 2003

Dada Radhia,

Shikamoo. Barua yako ya jogoo niliisoma kwa sauti, Luciana akaegemea mlango, hana nguvu kwa kucheka. Ameniambia niandike kwamba siku akija kwako na yeye umtandikie, hata kama hajui kuendesha.

Lakini dada. Paschal ameniambia alikutana na Anselm stendi, na Anselm kamwambia mashine inawaka vizuri tangu tarehe nane. Leo ni tarehe ishirini na tisa. Kila nikisikia barua zimefika posta nakwenda. Mbona kimya?

Kama faili limeharibika niambie tu, nimeshazoea kukosa. Ila usininyamazie.

Abdulmajidi


Mwankoko
10 Juni 2003

Mdogo wangu Majidi,

Assalam aleikum. Nisamehe kwa kukuweka. Nilikuwa na homa, halafu Maulidi ilikuwa kwetu mwaka huu, wanawake wa madrasa walinipa kazi ya kuchapa kasida zote. Sasa nimepoa. Baridi ya Singida imeanza, upepo unapuliza vumbi hadi kwenye karatasi za fotokopi.

Mashine imepona, na mkono wako nauona. Mara ya kwanza tulikosea. Ulisema mstari ukitokea chini ya skrini tubonyeze F6 mara moja, Anselm akataka kwanza ausome kwa sauti, akimaliza umeshapita. Tukarudia. Mara ya pili mimi nilikuwa nimekaa kidole juu ya kitufe kama mtu anayevizia panya. Flopi ikanguruma, ikanguruma, halafu ikaandika kwamba imeona diski moja. Tukapiga magoti, Anselm kwa ishara ya msalaba na mimi kwa takbira, mpaka mteja mmoja akasimama mlangoni akauliza kuna msiba gani. Baadaye ikatupa njia mbili, kutengeneza ulichonacho au kuanza upya kwa kufagia. Nilimshika mkono Anselm asije akagusa ile ya pili. Vitu vyote nimevikuta pale pale nilipoviacha.

Haya ndiyo maneno ya Mama. Nimeyatoa kwa printa, karatasi imo ndani, lakini nayanakili na hapa isije ikapotea:

"Mwanangu Abdulmajidi. Ni mimi mama yako Sijaona, nimelala hapa Mwankoko, mwili umechoka lakini akili ninayo. Ulipofunga ndoa bomani nilisema sina mtoto wa jina lako. Nilisema kwa hasira, na hasira ya mama ni moshi wa kuni mbichi, unamwumiza macho mpishi mwenyewe. Hilo nimekusamehe. Mke wako ni mtoto wangu, mwambie. Na hilo pia nimekusamehe. Radhi yangu unayo, mbele yako na nyuma yako, hapa na kesho kwa Mungu. Mkipata mtoto mleteni Singida anisalimie, hata kama nitakuwa nimeshalala."

Basi. Umeyapata. Namshukuru Mungu.

Dada yako,
Radhia


Dar es Salaam
2 Julai 2003

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo, shikamoo tena. Sijui nianzie wapi. Bahasha niliifungulia pale pale posta, nikaisoma nimechuchumaa ukutani. Mlinzi akaniletea benchi, akadhani nimefiwa. Nikamwambia hapana, nimezaliwa.

Usiku uleule nilimsomea Luciana. Pale pa "mke wako ni mtoto wangu" akaichukua karatasi, akasema anataka kuisoma kwa macho yake. Imekaa naye mpaka leo, ameiweka kwenye Biblia yake.

Sasa nami nikuambie nililokuficha. Tuna mtoto, dada. Wa kike, alizaliwa Februari mwaka jana. Anaitwa Sijaona. Sikukuandikia kwa sababu niliona nyumba yenu haitutaki, na sikutaka jina la Mama lirudishwe mlangoni kama tulivyorudishwa sisi. Anatembea, anakimbiza kuku wa jirani, na akikasirika anafunga mdomo vilevile kama Mama. Mungu akitujalia Desemba tutamleta kaburini, kama alivyoagiza.

Na yale ya mlangoni nimeyatoa moyoni. Nilikuchukia, sikufichi. Lakini wewe ulikuwa unamtii Mama tu, na Mama baadaye moyo ukalainika. Kosa lako ni lipi hapo? Nisamehe kwa kukuwazia vibaya.

Swali moja dogo. Nimeyasoma mpaka nimeyahifadhi, na kuna mahali nakwama. Anasema, "Mke wako ni mtoto wangu, mwambie." Halafu, "Na hilo pia nimekusamehe." Hilo lipi, dada? La ndoa ameshalisamehe juu. Luciana anasema mgonjwa labda aliruka. Mimi Mama namjua, hata akisimulia safari ya kisimani hakuruka jiwe. Pengine ni wewe uliruka mstari ulipokuwa unapiga. Tazama tena.

Mdogo wako,
Majidi


Mwankoko, Singida
17 Agosti 2003

Mdogo wangu Abdulmajidi,

Assalam aleikum. Natumaini mko wazima, wewe, wifi yangu Luciana na mtoto. Hii ndiyo mara ya kwanza naliandika jina la wifi yangu. Rahma hajambo, miguu imenywea. Shamba tumevuna magunia matatu ya mtama, alizeti hakuna kitu.

Barua yako nimekaa nayo wiki tano. Nimeisoma kibandani, nimeisoma juu ya mswala. Nilimwuliza shehe wetu, bila kutaja jina, mtu aliyemdhulumu ndugu yake aombe vipi. Akanijibu, "Haki ya Mungu muombe Mungu. Haki ya mja iko mkononi mwa mja, huwezi kuipitia juu." Nikarudi nyumbani nikajua sina njia nyingine isipokuwa kalamu.

Mama hakuruka. Mimi niliruka, tena kwa makusudi. Baada ya "mwambie" alisema hivi:

"Nimekungoja tangu nianguke. Kila basi likipiga honi barabarani namwuliza Radhia, huyo si Majidi? Hukuja. Labda ni kazi, labda uliniogopa. Na hilo pia nimekusamehe."

Umeelewa, mdogo wangu. Mama hakujua kwamba ulikuja.

Hajawahi kusema hataki kukuona. Maneno yale niliyatunga mimi, pale pale mlangoni. Wanawake wa madrasa walikuwa ndani wanamsomea Yasini. Nikafungua, nikakuona wewe na mkeo, na msalaba mdogo shingoni mwake. Nikawaza watasema nini. Lakini nikisema ni dini tu nitakuwa naongeza uongo. Miaka miwili nilikuwa namnyanyua Mama, namfua, namlisha, na kila nikimlisha ananiuliza habari zako. Habari zako wewe, Majidi, si zangu. Ukaja umevaa shati safi, ungeingia dakika moja ukamfurahisha kuliko mimi miaka miwili. Nilikuwa nimechoka, na uchovu wangu nikauvika kanzu. Nikasema moyoni, acha waondoke, kesho watarudi, nitawaingiza wanawake hawa wakiwa wamekwenda. Mligeuka mkaenda zenu. Na ile doti ya kanga mliyoiacha kwenye baraza nilimpelekea Mama, nikamwambia nimemnunulia mimi. Alinishukuru. Aliivaa mpaka siku ya mwisho.

Aliponiita nimwandikie maneno yako, na kufika pale pa "hukuja", mkono wangu ulisimama. Akasema, "Andika, mbona huandiki?" Nikaandika. Wino wa printa ulikuwepo, Majidi, katriji mpya kabisa. Karatasi ya hati mkato niliitia motoni. Kwa sababu ukisoma mstari ule tu utajua. Na kila asubuhi, siku zile kumi na nne, Mama aliniuliza, "Barua imeondoka?" Nikamjibu imeondoka. "Hajajibu?" Nikamjibu bado, Dar ni mbali. Alikufa akidhani imekufikia na umenyamaza. Na hilo naona alilisamehe pia, maana hakuacha kuulizia.

Skrini ilipoingia bluu nilidhani Mungu amenifunga mdomo moja kwa moja. Nililia kwa ajili yako, lakini sikufichi, palikuwa na kapembe kadogo ka moyo kalikoshukuru. Kapembe hako ndiko kalikonitia hofu nikakuandikia. Halafu tarehe nane Mei diski ikafunguka, na maneno yakatokea yote, na mstari wangu ukiwemo. Nilikaa nayo mwezi mzima. Nimekuwa mpiga chapa miaka ishirini na mbili. Kwenye taipureta ukifuta neno karatasi inasema, kuna doa, kuna kikwaruzo, bosi anaona. Hii mashine unavuta kipanya, unabonyeza mara moja, maneno yanasogeleana kana kwamba hapakuwa na kitu katikati. Nilifanya hivyo. Nikahifadhi kwa jina jingine, nikakuchapia. Nikafuta mstari, nikasahau kwamba "na hilo pia" limebaki linaning'inia.

Huenda nisingeandika hata sasa. Lakini uliniomba msamaha wewe. Uliandika, "Kosa lako ni lipi hapo?" Nilishindwa kula siku hiyo.

Faili la kwanza sikulifuta. Nimelinakili kwenye flopi iliyomo ndani ya bahasha hii, nimeifunga kwa kadibodi mbili ili mihuri ya posta isiivunje. Wewe unajua kutazama tarehe ya faili. Utaona ni Novemba 2001, halikuguswa tangu hapo. Usiniamini mimi, liamini hilo.

Sikuombi unisamehe leo. Desemba mje. Kama hamtaki kuingia kwangu, ufunguo wa chumba cha Mama nimeuweka kwa Rahma, na Rahma nimeshamwambia kila kitu, kwa mdomo wangu. Kaburi nimelipalilia. Mtoto aje amsalimie bibi yake, na akiwa mkubwa mwambie kwamba bibi alimngoja baba yake kwa kila basi, na kwamba baba alikuja. Alikuja, shangazi ndiye aliyefunga mlango.

Naomba unijibu upesi, Majidi. Hata mstari mmoja, hata uwe mchungu namna gani. Nijibu.

Dada yako,
Radhia